Wanga Katika Juisi ya Nzembi

Nzembi wa Muthetheni hakuwa mtu wa kuchemsha juisi. Miaka thelathini alikamua machungwa kwa mkono, akauza siku hiyo hiyo, na mwenye kutaka ya kuchemsha alimwambia aende akanywe chai. Sasa kikundi cha akina mama kikaamua: kila mtu achemshe, juisi ikae siku nyingi, au atoke. Nthambi, mwenyekiti, alikuwa ameshaleta sufuria.

"Vitamini haipendi moto," Nzembi akasema.

"Uliiuliza wewe?" Nthambi akajibu. Watu wakacheka.

Kavutha, mjukuu wa Nzembi anayefundisha kemia, akasema basi ataiuliza yeye. Akaja sokoni na chupa ya aidini, ile dawa ya vidonda. Akamimina juisi vijiko vitano kila gilasi, ya Nzembi mbichi huku, ya Nthambi iliyochemshwa kule, machungwa ya gunia moja.

"Nitatia aidini tone kwa tone. Kwanza natia wanga."

Nzembi akaruka. "Wanga! Nimezeeka bila kuwanga mtu, uje kuniwangia juisi mbele ya soko?"

"Susu, bibi yangu, ni maji ya mihogo tu! Wanga wa chakula."

"Basi si useme mihogo!"

Tone, tone, tone. Kwa tone la kumi na mbili, gilasi ya Nthambi ikageuka nyeusi kama wino, ikabaki hivyo.

"Tumefika kwanza!" Nthambi akapaza sauti, vigelegele vikapanda. Nzembi akasogea karibu. Yake ilikuwa inameza tu, rangi inaingia, inapotea.

"Ongeza," akasema. Hakuzaliwa kushindwa na sufuria.

Kumi na tano. Ishirini. Wauza mbuzi wakaacha mbuzi zao, wakahesabu kwa sauti. Ishirini na sita! Nyeusi.

"Ndiyo nimeshindwa?"

"Susu, umeshinda! Vitamini ndiyo inakula aidini. Ikiisha, aidini inakutana na wanga, weusi unakaa. Ya moto imekula matone kumi na mbili tu!"

Nzembi akakaza leso kiunoni, akacheza mpaka kiatu kimoja kikaruka kwenye nyanya za watu.

Nthambi akatazama zile gilasi, akatazama chini. "Haya, hakuna kuchemsha. Na sufuria yangu?"

"Pika isyo," Nzembi akasema akihema. "Mahindi na maharagwe yanapenda moto. Na bakuli la kwanza ni langu."