Mimi Siitwi kwa Honi

Siku ya safari ya Natta naikumbuka vizuri, mwanangu, na waliokuwepo nawajua wote. Kwenye pikapu tulikuwa watatu. Chacha, kaka yangu wa mama mkubwa, ndiye aliyeendesha. Shangazi Wankyo, dada wa baba, alikaa mbele. Mimi nilikuwa nyuma na gunia la ulezi. Tulikokwenda ni kwa mjomba Wambura, kaka wa mama, na mkewe Nyanchama, Mnata wa hukohuko. Na nyumbani Gorong'a tulimwacha Bhoke, mdogo wangu, anasubiri kuolewa.

Ilikuwa miaka ile ya dhahabu, kila kijana anashuka kwenye duara, shimo la machimbo, akitegemea kutoka tajiri. Chacha alitoka na pikapu. Ee Mungu wangu, pikapu ile. Hata chooni nadhani angekwenda nayo.

Ng'ombe wa Bhoke walikuwa wanaletwa kesho yake na mzee Marwa, baba wa bwana harusi, kutoka ng'ambo ya Sirari. Lakini kwetu mjomba asipokuwepo kutamka neno, ng'ombe hawapokelewi. Marwa alishatuma ujumbe kwamba jua likizama hajamwona mjomba, anarudi kwao na ng'ombe wake. Bhoke alikuwa anampenda yule kijana mpaka hali chakula.

Basi tukavuka mto Mara, tukafika Nyansurura, tukaingia pori. Barabara ile mji, yaani boma la mtu, uko hapa, mwingine mpaka uchoke, katikati ni miiba na nyumbu. Kila tulipoufikia mji, Chacha anapiga honi na kupita.

"Hapo ni kwa Matiko," shangazi akasema. "Baba yenu amelala hapo mara nyingi. Simama."

"Nimewapigia honi, shangazi. Wamesikia."

"Honi inamsalimia nani?"

Chacha akakaza macho barabarani. Akaongeza mwendo, mimi huku nyuma nakula vumbi.

Natta tulifika jioni. Chacha akasimama langoni na kupiga honi tena, hajashuka. Akatoka Nyanchama, anafuta mikono kwenye kanga.

"Mjomba wenu anasema gari ameliona. Anauliza kama limekuja na watu."

Chacha akacheka, akapiga nyingine. Hapo mjomba akatoka mwenyewe, polepole, na fimbo yake.

"Shikamoo mjomba," Chacha akasema, amekaa palepale kwenye kiti.

Mjomba hakuitikia. "Mura, wewe kijana, njiani mmeingia kwa nani?"

"Hatukuingia kwa mtu. Tulikuwa tunawahi."

"Huku anayepita miji ya watu bila kuingia ni mwizi wa ng'ombe. Kesho wataniuliza nimelaza wezi gani, niseme nini? Kwamba ni watoto wa dada zangu?"

Shangazi aliinamisha kichwa kama aliyeambiwa yeye.

"Nitakuja kwa ajili ya Bhoke," mjomba akasema. "Lakini kila mji mliopigia honi, tutashuka."

Tukalala, asubuhi tukaondoka naye. Na tulishuka, mwanangu. Kila mji. Kila mji ugali wa mtama, kila mji maziwa ya mgando, na mjomba hana haraka, anauliza habari za ndama. Chacha anaangalia jua, jasho linamtoka. Kwa Matiko, bibi Gati, mke wake, alimtazama sana.

"Ndiye wewe uliyekimbiza mbuzi wangu jana? Kaa. Kunywa. Kumbe una uso mzuri tu, kwa nini unauficha?"

Tukafika Gorong'a jua linagusa mlima. Ng'ombe walikuwa wameshatolewa langoni, wanaswagwa kurudi Sirari, na Marwa yuko nyuma yao na wazee wake. Bhoke alikuwa amekaa chini vumbini. Chacha akapeleka mkono kwenye honi. Mjomba akaushika, akauondoa. Akashuka, akawafuata kwa miguu, mzee wa umri ule, akamsalimia Marwa kwa jina la baba yake, kisha wazee wake mmoja mmoja mpaka wa mwisho. Marwa akamsikiliza. Akawageuza ng'ombe.

Sasa nyinyi wajukuu zangu na pikipiki zenu mnanichosha. Mnafika kwangu, pii pii pale barabarani, eti bibi toka. Nitoke niende wapi? Mimi ni mbuzi? Zima hicho chombo, ingia ndani, kaa, sema wewe ni wa nani, kula hata tonge moja. Na njiani usiruke mji wa mtu kwa sababu ni mdogo na uko porini. Waache wakuone uso.

Mungu awalinde barabarani, awape watu wa kuwafungulia milango popote giza litakapowakuta. Na kama kuna jina nimekosea, aliyekuwepo aje anirekebishe. Aje kwa miguu.