Mama Erica na Ng'ombe wa Mnadani

"Mama Erica, kwa nini ulikwenda kununua ng'ombe bondeni kote kule, na hapo juu kwa Mzee Ferdinand wapo?"

Nilikuwa darasa la nne nilipomuuliza hivyo. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya ng'ombe mwenyewe, anamfunga miguu ya nyuma kwa kamba ya katani ili asirushe teke. Hakunigeukia. Aliniambia nikamtazame ndama kama amesimama. Ndama hakuwa amesimama.

Jina lake hasa ni Tulinagwe, ila hapa Igamba ukisema Tulinagwe utaulizwa yupi. Mama Erica wanamjua wote. Shamba lake na letu yanapakana kwenye migomba. Mume wake alifariki Erica akiwa bado ananyonya, akamwachia kahawa kidogo na ng'ombe mmoja chotara, ambaye mtoto wa mtoto wake ndiye Neema niliyemkuta mimi. Neema alikuwa mweusi, na kila asubuhi tulisikia maziwa yake yakilia kwenye ndoo tukiwa bado kitandani. Maziwa yale yalikwenda Mlowo kwenye mgahawa wa Judith, na hela ya Judith ilikwenda Mbeya, chuo cha uuguzi, kumsomesha Erica. Mama Erica alikuwa akisema huku anacheka kwamba mzazi wa Erica ni Neema, yeye ni mkata majani tu.

Halafu ikaja masika moja ya mvua isiyokatika. Neema akashikwa na ndigana, ule ugonjwa wa kupe, akafa kabla daktari wa mifugo hajafika. Erica alikuwa amebakiza mwaka mmoja amalize. Asipopatikana ng'ombe mwingine upesi, Judith angechukua maziwa kwa mtu mwingine na Erica angerudi nyumbani. Hilo tulilijua hata sisi watoto, kwa sababu watu wazima walilisema mbele yetu bila kupunguza sauti.

Sasa, kwa Mzee Ferdinand ununuzi wake ni wa taratibu. Ana banda la saruji na ng'ombe wanaovalishwa namba masikioni. Unaonyeshwa mama yake huyo unayemtaka, na bibi yake kama bado yupo. Unakuja jioni unakamua kwa mkono wako, unarudi asubuhi unakamua tena, ndipo mnaongea. Ni ghali, lakini unajua unampeleka nani nyumbani. Mnadani, kule bondeni, ni tofauti. Unamkuta ng'ombe ana kamba shingoni, na habari zake zimebaki huko alikotoka. Baba yangu anasema ng'ombe wa maziwa hafiki mnadani kwa uzuri wake, lazima kuna mtu kamkataa.

Mama Erica alianza kwa Ferdinand. Tulimwona akipanda kilima na kitenge chake cha kanisani. Alirudi mapema mno, akampita mama yangu bila hata kumsalimia. Watu wakasema bei imemshinda. Wengine wakasema ana haraka, hawezi kusubiri mtamba azae. Yeye, siku ya mnada ilipofika, akaondoka na Brayan.

Brayan ni dalali. Anaweza kumsifia mbuzi mpaka mbuzi mwenyewe ashangae. Yaliyotokea mnadani aliyasimulia Maduhu, mfugaji wa Kisukuma wa huko bondeni Momba, ambaye huja kwetu kununua mahindi kwa baba. Siku hiyo Maduhu alikuwa amesimama pale karibu, na ng'ombe wake mwenyewe.

Anasema alikuwepo ng'ombe mwekundu, chotara, kiwele kimefura mpaka chuchu zimetazama pembeni, maziwa yanadondoka yenyewe. Pembeni yake ndama mzuri. Mama Erica akapiga magoti amkamue kidogo aone. Brayan akamshika bega, akamkumbusha kwamba kwao maziwa ya kwanza ya ng'ombe mpya hukamuliwa nyumbani, wakanywa watoto wa majirani. Ukiyamwaga njiani umemwaga baraka. Na ni kweli, kwa kina Mama Erica hiyo desturi ipo, hata Neema alipoanza kukamuliwa tulipanga foleni na vikombe. Mama Erica akasimama, akajikung'uta vumbi magotini.

Maduhu akamwambia, "Mama, huyo ndama anafuata kamba. Hamfuati ng'ombe."

Brayan akamuuliza kama amekuja na ng'ombe wa kuuza au amekuja na mdomo tu. Watu wakacheka. Mama Erica akalipa.

Siku ya pili tulikwenda na vikombe vyetu. Ng'ombe alikuwa akihema kwa jinsi kiwele kilivyojaa, maana waliomleta mnadani walikuwa wamemnyima mkamuaji makusudi ili aonekane ana maziwa. Chuchu mbili za mbele zilitoa maziwa. Za nyuma zilitoa mabonge ya njano yenye damu. Mama Erica akaendelea kukamua kama vile yakiisha hayo yatakuja mengine. Hayakuja. Ndama alipoingia chini kunyonya, ng'ombe alimpiga teke akagonga ukuta. Akarudi tena, akapigwa tena. Hakuwa mtoto wake. Alikuwa ameazimwa huko mnadani au ameibwa, hatujui, ili ng'ombe aonekane ametoka kuzaa. Tulirudi nyumbani na vikombe vikavu, na watoto wakubwa njiani wakawa wanaiga lile teke.

Baada ya siku chache maziwa ya zile chuchu nzima yalikuwa hayajazi hata jagi. Mama Erica akamnywesha ndama uji, akambembeleza, akalala naye jikoni. Ndama akafa. Mama Erica akaongeza maji kwenye maziwa ya Judith. Judith aliyamimina nje mlangoni, mbele ya madereva waliokuwa wanakunywa chai, akamwambia maji ya bomba anayo, hahitaji kuletewa kutoka Igamba. Madereva wakaomba na wao wapewe chai ya bomba.

Mama Erica alimfuata Brayan pale barabarani Mlowo. Brayan hakukimbia wala hakukasirika. Alimsikiliza mpaka mwisho huku anachokonoa meno, kisha akamwambia, "Mama, mnadani tunauza ulichokiona. Usichokiona hatujakiuza."

Kuanzia hapo wavulana wakampa jina la Chuchu Mbili. Alikuwa akipita na mzigo wa majani kichwani wanaliita kutoka kwenye kahawa, wamejificha. Ng'ombe alichukuliwa na mchinjaji, ambaye alimzunguka mara moja akasema ananunua ngozi, nyama atawapa mbwa. Kilichopatikana hakikutosha hata nauli za Erica za muhula.

Erica akarudi, godoro lake limefungwa nyuma ya bodaboda. Mama yake alikuwa amempikia makande. Nilikuwepo, nilikuwa nimetumwa chumvi. Erica hakukaa. Alisimama mlangoni na begi begani, akasema, "Mama, si ungekamua tu?"

Mama Erica akafunika sufuria.

Erica hakumaliza hata mwezi. Yuko Tunduma, anauza vitenge kwa Wazambia pale mpakani, na nasikia Kibemba anakiongea kuliko Kinyiha chetu. Akipiga simu anampigia mama yangu. Anamuuliza yule mama wa jirani kama bado mzima. Anasema hivyohivyo, yule mama wa jirani.

Na Mama Erica? Alipouza kipande cha kahawa na hela ikaisha, alipanda tena kilima kwa Mzee Ferdinand, safari hii kuomba kazi. Alisimamishwa getini tangu asubuhi hadi jua likawa kali. Ferdinand alipotoka alimwambia vibarua wakamuaji anao, ila wa kuzoa mavi hana. Akazoa mavi misimu miwili, ndipo akapewa ndoo.

Likizo hii, mimi sasa niko kidato cha tatu, mama alinituma huko kuchukua maziwa. Mlangoni mwa banda kuna beseni la dawa, na kijana mmoja akanionyesha nikanyage ndani yake, viatu visije vikaingiza ugonjwa. Nikakanyaga. Mama Erica alikuwa anakamua ng'ombe mnene aliyesimama ametulia kama anachanwa nywele. Nikamwamkia. Akaitikia, akaendelea, maziwa yanapiga povu. Sijui nini kilinituma, nikamuuliza kama anakumbuka nilivyokuwa nasumbua watu na maswali utotoni.

Akasema swali moja hajalisahau, lile la ng'ombe wa bondeni. Akageuka kutazama kama kijana yuko mbali.

"Siku ile ya kwanza nilishamchagua ng'ombe wangu, hapahapa. Huyu ni mtoto wake. Nikakanyaga hiyo dawa kama wewe. Ferdinand akasema bado, nikanyage tena, eti mimi nimemuua Neema kwa uchafu. Nikakanyaga tena. Akasema nivue kitenge, kina wadudu, nivae koti la vibarua. Navua, watu wananitazama, likaja gari kutoka Tunduma. Mwenye gari akapita pembeni ya beseni na viatu vyake vya matope, wakapeana mikono, wakaingia. Mimi nikabaki mlangoni na gauni la ndani."

Akahamia chuchu nyingine.

"Ng'ombe wake ni wazima, sikatai. Kule mnadani waliniuzia mgonjwa. Ila walinipa kiti, mwanangu."