Pumzi ya Sietske

Dada yangu tulimzika mwezi Machi. Aprili nikamsikia anapumua.

Sitanii. Ilikuwa mchana kweupe, Sikukuu ya Mfalme, Groningen nzima, huku Uholanzi, imevaa rangi ya chungwa. Mimi nimesimama bustanini na chipsi zangu na mayonezi, nakula tu kwa sababu tumbo linadai.

Jukwaani muziki wa house unadunda. Ghafla biti ikakatika. Kimya. Halafu spika zikatoa hii:

Hhiiiih.

Mtu anavuta pumzi, na ndani yake kuna kafilimbi kembamba.

Umati wote ukavuta pumzi naye, mikono juu. Biti ikarudi, watu wakapagawa, na sauti ya Sietske ikaanza kuimba: "Kawaida... kawaida tu... mimi niko kawaida."

Chipsi zikanidondoka.

Sietske alikuwa anauza maua, jioni anaimba. Tulijua kwamba jamaa mmoja, Wessel, jina la kazi DJ Havik, alimwita studio watoe singo pamoja. Yeye biti, dada sauti. Wimbo wenyewe hatukuwahi kuusikia.

Lakini neno lile, "kawaida," ni la kwetu kabisa. Mama yetu hana jingine. Umeanguka na baiskeli, unalia? "Kuwa kawaida, Jurre." Umefaulu mtihani, unarukaruka? "Kuwa kawaida." Ukiulizwa hali, unajibu kawaida. Ukijibu vingine unaonekana unatafuta huruma.

Mwezi ule ule wa Machi Mama alitimiza miaka sitini. Tulikaa duara sebuleni kama siku zote, kila mtu na keki yake mapajani. Sietske akapanda ngazi, akaingia anahema, na kafilimbi kale kale.

"We mtoto, mbona unalia kama birika?" shangazi Truus akamtania.

Tukacheka wote. Mama naye akacheka.

"Uko sawa lakini?" nikamuuliza.

"Kawaida."

Keshokutwa yake alikutwa sakafuni kwake, ameshakufa. Uvimbe kwenye njia ya hewa, walituambia. Ulikuwa umekua muda mrefu.

Sasa elewa kwa nini damu ilinichemka pale bustanini. Studio, kitu cha kwanza kukatwa ni pumzi. Sauti inasafishwa mpaka unadhani mwimbaji hana mapafu. Huyu Wessel pumzi ya dada yangu aliiacha, tena kaiweka peke yake katikati ya wimbo. Kwa hiyo aliisikia. Alijua.

Nikazunguka nyuma ya jukwaa. Aliyekuwa anapiga muziki ni Wessel mwenyewe. Nikamngoja ashuke, nikamkaba shati.

"Wewe ni nani?" akauliza.

"Kaka yake Sietske."

Uso ukambadilika.

"Ulisikia mtu anakufa, ukamfanya pambo la wimbo! Uufute leo hii mtandaoni, la sivyo navunja mashine zako zote!"

"Pumzi niliikata. Yeye ndiye aliyeirudisha."

"Mwongo mkubwa wewe!"

Akafungua laptop yake, akanivalisha hedifoni. Ilikuwa rekodi ya studio, ile ambayo haijaguswa. Nikasikia kiti kinaburutwa, kisha dada yangu, mzima, anaongea.

"Wessel, irudishe pumzi yangu."

"Inapiga filimbi, Sietske. Inaharibu."

"Naijua hiyo filimbi. Daktari ameshaniambia ni nini. Wataondoa uvimbe na sauti yangu pamoja. Nikiamka siimbi tena. Kwa hiyo iache, hiyo ndiyo mimi."

"Nyumbani wanajua?"

Hhiiiih.

"Bado. Walitaka kunipasua mapema, nikaomba wasogeze mbele. Mama anatimiza sitini, siwezi kuwaharibia watu keki. Nitawaambia sherehe ikiisha. Na wewe ukifungua mdomo, sitakusamehe."

"Sietske, hii siyo kawaida."

Sietske akacheka kicheko chake kile kile. "Kwetu hakuna neno lingine."

Nikavua hedifoni. Wessel alikuwa analia. "Aliniapisha," akasema. "Nikanyamaza."

Nilikuwa nimekwenda kumpiga. Nikamrudishia hedifoni yake. Dada yangu aliahirisha uhai wake kwa ajili ya keki, na keki ile tuliila huku tunamcheka.

Nikaomba rekodi, nikaenda nayo moja kwa moja kwa Mama. Aliisikiliza jikoni, amesimama. Ilipoisha akachukua kitambaa, akaanza kufuta meza ambayo ilikuwa safi tayari. Akafuta na kufuta.

Mara mlango ukafunguliwa. Shangazi Truus, na vibandiko vyake vya chungwa mashavuni.

"Wifi! U hali gani?"

Nikamwona Mama anafungua mdomo. Nilijua neno linalokuja. Nimelisikia maisha yangu yote.

"Vibaya," Mama akasema. "Niko vibaya sana, Truus. Kaa."

Akavuta pumzi kwa sauti, akalia. Sikuwahi kumwona Mama akilia, hata makaburini.

Wimbo sikudai tena ufutwe. Bado unapigwa, na biti ikikatika watu bado wanavuta pumzi pamoja na dada yangu. Wanadhani ni raha tu. Waacheni.

Ila wewe unayesoma hapa, mtu wako akikujibu "kawaida," usirudi kwenye keki yako. Vuta kiti karibu, msikilize anavyopumua, kisha muulize tena.

Mimi niliuliza mara moja tu.