Mkono wa Ndani

Mtungi wa mwisho alioufinyanga mama niliuvunja mimi. Siwezi kumsingizia dereva wala barabara. Nilipomhamisha kutoka kijijini kwetu, upande wa Ruvuma, aje kuishi nami Mtwara mjini, niliupakia kati ya sanduku na gunia la makopa ya muhogo, kwa haraka zangu zile zile za kila siku. Tulipofika kwangu, mtaa wa Chikongola, tulishusha vigae.

"Udongo tu huo, mwanangu," mama alisema, akaingia ndani.

Afadhali angenifokea. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa ameanguka akitoka shambani, mkono wa kulia ukavunjika na kuunga vibaya, na sote tulijua hatafinyanga tena. Akawa mtu wa kukaa barazani, mikono mapajani. Ukimpelekea mchicha achambue, anakwambia mikono yake imestaafu. Iliniuma kila nilipopita pale.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Natengeneza mageti, madirisha na meza za jikoni za mahoteli. Nilikuwa na mabaki ya bati la stenlesi, nikaamua kumtengenezea mama sanamu ya mtungi wake, si wa kutilia maji, wa kutazama tu. Mtungi ambao hata binti yake mzembe hawezi kuuvunja.

Nikaenda dukani kuchagua vifaa. Mwenye duka ananijua. "Dada, leo geti la nani?" akaniuliza. Nilipomwambia ni mtungi alicheka sana, kisha akanipa nyundo nzito kuliko zote alizokuwa nazo. Niliichukua bila ubishi. Tangu zamani nikikataliwa na kitu, dawa yangu ni kukizidishia kipigo.

Sasa, stenlesi si bati la geti. Ukiipiga ovyo inazidi kuwa ngumu, inakununia. Nusu ya kwanza ya mtungi ilitoka imejaa makovu. Nikaisugua kwa brashi ya waya ninayosugulia mageti, nikaiacha uani. Siku chache tu za hewa ya bahari zilitosha: ikaota madoa mekundu. Stenlesi hiyo, inayosifiwa kwamba haishiki kutu!

Mama alipita akachungulia. "Mtungi wako una surua," alisema.

Nilikasirika, halafu nikacheka, kwa sababu ulikuwa utani wake wa kwanza tangu ahamie kwangu. Kosa lilikuwa langu. Brashi ile ilikuwa imejaa chembe za chuma cha kawaida, nazo ndizo zilizohamia kwenye stenlesi na kushika kutu. Nikaanza upya. Vifaa vya mtungi nikavitenga kwenye kapu la peke yake, visiguse geti la mtu: brashi ya stenlesi, msasa mpya, na nyundo ya mbao ya mkwaju aliyonichongea seremala jirani. Nikashona mfuko wa turubai, nikaujaza mchanga wa ufukwe wa Msimbati, nikalaza bati juu yake na kupiga.

Safari hii bati lilibonyea vizuri likawa bakuli kubwa, nusu ya tumbo la mtungi. Lakini kulisawazisha ndiko kulikonishinda. Nikipiga uvimbe huku, unatokea mwingine kule.

Mama alivumilia kelele zangu asubuhi mbili. Asubuhi ya tatu aliniita kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu utotoni.

"We mtoto, unaua nyoka?"

"Nasawazisha, mama."

"Unasawazisha nini! Mkono wa ndani uko wapi?"

Sikumwelewa. Aliingia chumbani kwake, akarudi ameshika jiwe lake la mtoni, jeusi, laini kwa miaka yote ya kufinyanga. Nilidhani lilibaki kijijini. Hapo ndipo nilipokumbuka. Mama alikuwa akiingiza mkono wa kushoto ndani ya mtungi na jiwe lile, huku mkono wa kulia ukipigapiga kwa nje kwa kibao. Nimekulia mbele ya kazi hiyo. Hata hivyo nilikwenda kuchagua vya kupigia tu, wala sikufikiria cha kupokelea.

Nikanyoosha mkono anipe jiwe. Hakunipa. Alivuta kigoda, akakaa, akaegemeza bakuli la stenlesi magotini. Mkono wa kulia aliuacha umelala. Wa kushoto akauingiza ndani na jiwe, akalitembeza taratibu mpaka likakuta pabaya.

"Wa ndani haukuvunjika," alisema. "Hapa. Piga."

Niliogopa. Mkono mmoja ulikuwa umeshaharibika, na mtungi nilikwisha kumvunjia; sasa nimpigie nyundo kwenye mkono uliobaki?

"Piga, mwanangu. Pole pole, kama unamwamsha mgeni."

Nikapiga. Macho yalikuwa yamejaa machozi, sikuona vizuri ninapopiga. Mama alisogeza jiwe kidogo.

"Tena," alisema.