Mwenzake wa Kaskazini

Tak. Kidirisha cha bati kilipofunguliwa, mlio wake ulikuwa mdogo kama wa kucha ikigonga kikombe. Nilipokuwa mtoto, Machakos, mlio huo ulimaanisha kwamba mama amemaliza kazi za nyumba na asisumbuliwe.

Mama, Syombua, alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya serikali mjini. Mwaka wa 1992 mkubwa wake, Bi. Muringo, alistaafu akarudi kwao Nyeri, akamwachia sanduku bapa lililochakaa pembe. Ndani mlikuwa na ubao wa zamani wa kujifunzia briji ukiwa peke yako. Mchezo huo wa karata unataka watu wanne, wawili dhidi ya wawili, kila mtu akitazamana na mwenzake. Ubao ulikupa wote wanne. Unaingiza karatasi chini yake, vidirisha vyake hamsini na viwili vya bati vikiwa vimefungwa; unasukuma kimoja, karata iliyochapishwa inachungulia. Ukikosea, maelezo ya pembeni yanakuambia ulichopaswa kucheza.

Viti vya mchezo huo huitwa kwa pande za dunia. Mama alikaa kusini. Mwenzake wa kaskazini alikuwa wino tu.

Baba, Bartholomew, alikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha nguo, kwenye eneo la viwanda la EPZ, Athi River. Alirudi nyumbani mwisho wa mwezi, na siku hizo sanduku lililala chini ya vitambaa vya kushonea. Kanisani kwetu karata zilitajwa pamoja na pombe, na baba alikuwa mzee wa kanisa.

Alistaafu mwaka wa 2004. Wiki ya pili, mchana, alikuwa akitafuta uzi wa kushona kifungo, akalikuta sanduku.

"Mama Wendy, karata nyumbani kwangu?"

"Si karata. Ni karatasi. Bi. Muringo aliniachia alipostaafu."

"Usinichezee maneno. Jumapili naipeleka kwa pasta, aichome mwenyewe."

Nilikuwa mlangoni nikichambua mbaazi. Mama alishika ncha ya leso yake, akaikunja, akaikunja tena. Hakuwa na kitu kingine nyumbani mle ambacho kilikuwa chake peke yake.

"Sawa," alisema. "Lakini kaa kwanza, uone unachochoma."

Baba akaketi kwa uso wa mtu anayekagua stoo.

"Huyu wa kusini ni nani?"

"Mimi."

"Na huyu mnayetazamana?"

"Mwenzangu."

"Ana jina?"

"Hana."

"Miaka kumi na miwili unakaa na mtu hata jina humjui?"

"Hajawahi kuniuliza shati lake liko wapi."

Baba alikohoa ili asicheke. Akavuta kiti hadi upande wa kaskazini, akavaa miwani.

"Nionyeshe."

Mama aliingiza karatasi, akalainisha kingo zake kwa kidole gumba. "Hawa wawili wa pembeni wameahidi kushinda mizunguko kumi kati ya kumi na mitatu. Sisi tunawazuia. Lakini mimi na wewe hatusemezani. Unanisoma kwa karata ninayotoa."

"Kutosemezana tunakujua," baba alisema.

Mama akamsogezea ubao.

Walicheza. Baba alikuwa mzito wa vidole, na kila karata aliihoji kama mzigo uliofika bila stakabadhi. Chai ilipoa. Karatasi ya kwanza ilipoisha, akauliza ziko ngapi.

"Thelathini na mbili."

"Basi pasta atangoja."

Katika karatasi ya tatu akatoa mfalme wa kopa mapema mno. Alijua kabla ya kusoma maelezo. Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa.

"Hapa wanasema ningemficha. Nimekuharibia. Huyo mwenzako hangekosa hivi."

Akanyoosha kidole akifunge kidirisha. Mama akaushika mkono wake juu ya bati, nami nikaacha kuchambua, maana aliongea kwa sauti ndogo sana.

"Acha wazi," alisema. "Nitaona la kufanya."