Aliyebaki Juu ya Shimo

Mara ya kwanza kumwona Zornitsa, alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya chumba chetu cha bweni. Chupa ya achari ya pilipili nyekundu aliyofungiwa na bibi yake ilikuwa imepasukia ndani ya begi, na nguo zake zote zilionekana kama za mtu aliyetoka kuchinja.

"Wewe ndiye wa kitanda cha dirishani?" akaniuliza bila kuinuka. "Basi shika kitambaa. Tutajuana baadaye."

Mimi nilikuwa nimekuja Sofia, mji mkuu wa Bulgaria, kusomea ualimu wa historia. Yeye alikuja kusomea uhandisi wa mazingira, na pale bwenini wanafunzi wa kozi hiyo waliitwa watu wa mavi. Jina hilo halikumuuma. Alitoka mji mdogo wa kando ya mto Danubi, na baba yake, Lyuben, alikuwa fundi wa pampu kwenye mtambo wa kusafisha majitaka wa mji ule. Shuleni watoto walikuwa wakimwona tu wanaziba pua.

"Kuna msichana mmoja alikataa kukaa dawati moja na mimi," alinisimulia. "Nikamwambia, ukienda chooni, baba yangu ndiye anayehakikisha mto haunuki. Akalia, akaenda kunisemea kwa mwalimu. Nikaadhibiwa mimi! Siku ile ile nikajua nitasomea nini."

Mladen alikuwa darasani kwao. Alitoka kijiji cha milima ya Rodopi, kijana mrefu ambaye miguu yake haikuenea chini ya dawati lolote. Alikuwa ameomba kusomea usanifu wa majengo wakamkataa, akajikuta kwenye majitaka, na hakuona aibu kulisema hilo mbele ya watu. Mapenzi yao yalianzia mtoni, siku ambayo darasa zima lilipelekwa kuchota maji ya kupima. Mladen aliteleza ukingoni, akazama mpaka kifuani, halafu akaibuka mkono mmoja ukiwa juu na kichupa kimefungwa vizuri.

"Sampuli ni salama!" alipiga kelele. "Mimi sijijui!"

Zornitsa alicheka mpaka akakaa kwenye tope. Tangu siku hiyo Mladen akawa mgeni wetu wa kila jioni. Alikuja na jibini ya mama yake, akaketi sakafuni kwa sababu ya ile miguu, wakasoma pamoja huku wakibishana kuhusu mabomba kama watu wengine wanavyobishana kuhusu mpira.

Palikuwa na mhadhiri wao mmoja, Daktari Ganeva, mama mkali wa nywele fupi, ambaye kabla ya kufundisha alikuwa amefanya kazi kwenye mitambo kwa miaka mingi. Siku aliyofundisha kuhusu gesi ya mashimo ya majitaka, Zornitsa alirudi chumbani akinisimulia, nami nikasikiliza kwa sikio moja. Gesi ile hutokea majitaka yanapooza mahali pasipo hewa. Ikiwa kidogo inanuka mayai viza. Ikizidi inaua pua kwanza. Husikii tena harufu, unadhani imekwisha, kumbe ndiyo imekuzunguka. Pumzi chache tu, unaanguka.

"Mwenzako ameanguka ndani ya shimo," Ganeva aliuliza darasa. "Utafanya nini?"

Mladen akanyoosha mkono. "Naita zimamoto, nakaa juu, nalia."

Darasa likaangua kicheko. Ganeva hakucheka.

"Ni sahihi," alisema. "Kaa juu, ulie. Anayeshuka bila mtungi wa hewa anatuongezea maiti, basi."

Ulipofika wakati wa mafunzo kwa vitendo, Mladen angeweza kubaki Sofia. Aliomba apelekwe kwenye mtambo wa mji wa kina Zornitsa, na kila mtu alijua sababu. Alitaka kujulikana kwa baba mtu.

Lyuben alimpokea kwa uso wa mbuzi. Mke wake alikuwa amefariki zamani, binti ndiye huyo mmoja tu, na leo limekuja jitu refu kutoka milimani linataka kuketi mezani pake. Nilikuwepo wiki ile, nilikuwa nimealikwa. Lyuben alimmiminia rakia, pombe yao kali ya matunda, akamkatia nyanya na matango, akamtazama anavyokula.

"Kuvua samaki unajua?"

"Sijui, mzee."

"Kuendesha trekta?"

"Trekta lilinitupa mtaroni."

"Sasa unajua nini?"

"Najua kwamba pampu yenu ya pili inapiga kelele mbaya. Nimeisikia nikipita pale getini leo."

Lyuben akaweka uma chini. "Umeona? Nawaambia kila siku pale ofisini! Wananiona mzee ninayeota!" Akamwongezea rakia mpaka ikamwagika. Kufikia wiki iliyofuata walikuwa wakienda kazini pamoja kwa baiskeli, na Lyuben, mtu ambaye hata binti yake hamsifii mbele ya watu, alikuwa akimwita mwanangu.

Yaliyotokea siku ile nimeyasikia kwa Zornitsa, na kwa mama mmoja wa pale mtamboni anayeitwa Stanka. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha baada ya joto la siku nyingi. Matambara na uchafu vikaziba ile pampu ya pili, shimo likaanza kujaa. Kifaa cha kupima gesi kilikuwa kimefungiwa ofisini, na mwenye ufunguo alikuwa ametoka. Mladen akasema amkimbilie.

"Nenda," Lyuben alimwambia. "Mimi nakusubiri hapa."

Hakusubiri. Alikuwa ameshuka shimo lile maisha yake yote na hakuna kilichompata. Mladen aliporudi akihema, mikono mitupu, alimkuta Stanka ameinama kwenye mdomo wa shimo anapiga mayowe. Lyuben alikuwa chini, amelala kwenye ukingo wa zege, mkono mmoja ukining'inia majini.

Stanka anasema Mladen hakufikiri hata kidogo. Alifunga kamba kwenye chuma, akavuta pumzi ndefu kama mpiga mbizi, akashuka. Alimfikia Lyuben, akampitisha kamba chini ya makwapa. Zornitsa, ambaye naye alikuwa akifanya mafunzo yake hapo, alikuwa juu kwenye maabara, akasikia mayowe, akashuka ngazi mbio. Alipofika, Stanka alikuwa anavuta kamba na haiendi. Akashika naye. Wakavuta wote wawili, mpaka kichwa cha baba yake kikatokea, wakamlaza kwenye majani. Alikuwa bado anapumua.

Zornitsa akairudisha kamba chini.

"Mladen, shika! Mladen! Shika kamba!"

Kamba ilikaa tu ikielea. Mladen alikuwa amekaa, mgongo ukutani, miguu yake mirefu imekunjwa, kichwa kimeinama kama mtu aliyesinzia akisoma. Zornitsa alimwona vizuri kabisa. Tayari alikuwa ameweka mguu kwenye ngazi ya kwanza ya chuma. Stanka hakumshika; alikuwa na Lyuben. Hakuna aliyemzuia. Akautoa mguu mwenyewe, akapiga magoti pale juu, akalia na kumwita mpaka zimamoto walipofika na mitungi yao. Walipomtoa Mladen hakukuwa na cha kufanya tena.

Tulimpeleka kwao milimani. Kule, kijana akifa kabla ya kuoa, anazikwa amevaa kama bwana harusi. Mama yake, Tsveta, alimvalisha suti ambayo kaka yake mkubwa alioa nayo, na suruali ilimwishia juu ya vifundo vya miguu. Zornitsa alisimama mlangoni, hathubutu kuingia. Tsveta akamwita.

"Njoo, mwanangu. Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, mama."

"Ulikuwa wapi?"

"Juu."

"Kwa nini hukushuka?"

Nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yake.

"Tulifundishwa tusishuke," Zornitsa alisema.

Tsveta alimgeukia Mladen. "Na yeye alifundishwa?"

"Yeye ndiye aliyejibu lile swali darasani."

Alichukua ua jeupe lenye utepe, lile la bwana harusi, akamtia Zornitsa mkononi ili ambandike Mladen kifuani. Zornitsa alijaribu, pini ikawa inamponyoka. Mwishowe Tsveta akamshika mkono wakabandika pamoja.

Lyuben alizinduka hospitalini hakumbuki kitu. Kila mtu alimkwepa. Alikuwa akiuliza, "Mladen mbona haji kuniona? Kanichukia?" Zornitsa ndiye aliyemwambia. Mzee aliuliza swali moja tu: "Alifuata nini mle?" Akajibiwa, "Wewe." Akageukia ukutani.

Walirudi nyumbani wakaishi kama wapangaji wawili. Zornitsa anapika, anaacha chakula mezani, anaondoka. Mzee anakuja kula peke yake, anaosha sahani. Vuli ilipofika Zornitsa akarudi chuoni, lakini alikuwa amerudi mwili tu. Alifeli mitihani ambayo zamani alikuwa akinifundisha hata mimi nisiyejua hesabu. Usiku nilimsikia akiamka kufungua dirisha, hata kwenye theluji. Alisema chumba hakina hewa.

Daktari Ganeva alimwita ofisini. Zornitsa alidhani anafukuzwa.

"Lile swali sitauliza tena," Ganeva alimwambia. "Nitawaambia jibu tu. Ila wewe nataka unijibu. Unaona nilikufundisha vibaya?"

"Hapana, Daktari. Ungenifundisha vibaya tungezikwa wawili."

"Basi maliza hii kozi."

"Nikimaliza itasaidia nini?"

Ganeva alivua miwani akaifuta, akaivaa tena. "Sijui," alisema. "Kwa kweli sijui, binti yangu."

Alimaliza, akichelewa mwaka mzima. Siku ya kutetea mradi wake, Lyuben alikuja na basi kutoka kwao, amevaa koti la msimu wa baridi katikati ya joto, akasimama kwenye korido hataki kuingia. Zornitsa alipotoka walitazamana.

"Umefaulu?"

"Nimefaulu."

"Mngekuwa wawili leo," mzee alisema. Zornitsa akamkumbatia hapo koridoni, mbele ya wanafunzi waliokuwa wakisubiri zamu zao. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kugusana tangu siku ya kamba.

Sasa yeye ni mhandisi wa mtambo ule ule. Pampu zinavutwa juu kwa mnyororo, hakuna anayeshuka, na kifaa cha gesi kinaning'inia nje mahali pa wazi. Hajaolewa. Nilimtembelea vuli iliyopita, nikakuta matangazo ya kumbukumbu ya Mladen, yenye picha yake, yamebandikwa, kwa desturi ya kule, kwenye milango na nguzo za mji ambao aliishi wiki chache tu. Lyuben huyabandika mwenyewe kila mwaka ukitimia. Watu walimwambia, mzee, huyu si wa hapa. Akawajibu, "Ni wa kwangu."

Tulikuwa tunamenya pilipili za kuoka kwa ajili ya achari, mzee yuko uani anapasua kuni. Nikamuuliza Zornitsa kama amemsamehe baba yake.

"Baba nilimsamehe zamani," alisema. "Ni Mladen. Mladen bado sijamsamehe. Alijua, unaelewa? Alijua kuliko sisi wote. Na baba yangu yupo pale anapasua kuni kwa sababu Mladen hakulifuata jibu lake mwenyewe. Sasa mimi nimkasirikie vipi? Na nisipomkasirikia, hiki kilichonikaa hapa kifuani nikipeleke wapi?"

Tulimenya mpaka beseni likajaa, vidole vyetu vikawa vyekundu, kisha Lyuben akaita kutoka nje kwamba moto umeshika, tulete sufuria.