Kibuyu cha Dhahabo

Siku ile ya ujinga wangu naikumbuka, mwanangu, na bado inaniwasha. Nilikuwa kisichana huko Nanighi, mdomo mrefu kuliko mto, na kazi yangu ilikuwa kuiga watu. Hata imamu nilimuiga kikohozi.

Sisi watu wa mashamba ya mtoni. Jirani yetu alikuwa mama wa Kiorma, ukame umemmalizia ng'ombe wote. Lakini kila asubuhi anachoma vijiti, anakifukiza kibuyu cha maziwa kwa moshi kama desturi yao, kisha anakipakata. Kitupu. Basi mimi nikashika chungu kibovu, nikafukiza, nikawaita ng'ombe wa hewa kwa sauti yake. Wenzangu walicheka mpaka wakagaragara.

Nyanya yangu akasikia. Hakunipiga. Alinivuta sikio mpaka mlangoni kwa yule mama, akasema, "Ng'ombe wamekufa. Unataka kumzika na yeye?"

Nikaamriwa nimtafutie vijiti vya moshi mpaka mvua inyeshe. Hapo ndipo nilimsikia akiwataja ng'ombe wake. Huyu alikuja na mahari, huyu alizaliwa siku moja na kifungua mimba wake, huyu ni wa marehemu mume. Kumbe alikuwa anajihesabu yeye mwenyewe, asije akapotea.

Sasa mafuriko yamenitupa mimi hapa Garsen, kwa nyumba ya wazee. Kitanda kilicho kando ya changu ni cha Dhahabo, mfugaji wa Kiorma kutoka Chewele. Ng'ombe walikufa, watoto wakatawanyika, akaja na kibuyu kimoja tu. Nawe mwanangu, unayetutunza hapa, na aproni yako ya kijani, ukakitupa kwa shimo la taka, ukakichoma. Ukasema kwa pua hivi: "Shosho, hii kitu inanuka moshi, italeta mende."

Mende! Jumatatu Dhahabo alinipa ukoo wa ng'ombe wake mpaka nikasinzia. Jumatano, kibuyu kishachomwa, akaniuliza, "Mimi ni nani?" Namwita, hageuki. Mkubwa wenu akaja, tumbo mbele, akasema, "Ni uzee tu, mama, ni uzee tu." Uzee gani huo unaokuja mbio kwa siku mbili?

Niliwaigiza nyinyi wote wawili pale sebuleni, wazee wakacheka, nawe ukacheka. Nikakuuliza jina la yule mama wa kibuyu unayemlisha uji. Ukaniambia, "Si ni kitanda cha sita?" Hapo sikucheka tena. Nimekasirika mpaka leo, na sitaki kupozwa na soda.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Mimi nilidharau nikiwa mtoto, nikapata wa kunivuta sikio. Wewe nakuvuta mimi. Mtu akiletwa hapa, kabla hujamvua nguo umuogeshe, muulize jina lake, na la baba yake, na ni kitu gani chake kisiguswe. Kikinuka, wacha kinuke. Na kesho nenda sokoni kwa kina mama wa maziwa, ununue kibuyu kilichotumika, si kipya, wala si jagi la plastiki. Ukae chini kando ya Dhahabo, umwombe akufundishe kufukiza. Pengine hatakujibu. Kaa tu, na keshokutwa urudi.

Haya, nenda. Mungu akupe uzee mrefu, mwanangu, na siku ukijisahau, akuletee mtoto wa watu anayejua unaitwa nani.